Kuharakisha Jeneza na Kuhakikisha Mauti

Ndugu yetu mmoja katika wahudhuriaji wa darsa alitujia baada ya sala ya Isha akatuuliza suala ambalo, kwa vile alivyolitaja kwa sauti ya chini, ilidhihiri kuwa limemkaa moyoni siku nyingi. Mama yake mzee amemwusia jambo moja tu: akifa asizikwe upesi. Hakuusia sanda ya namna fulani, wala mahali pa kuzikwa. Ameusia wangoje. Na sababu yake ni kuwa alipokuwa mtoto alisikia habari ya mtu aliyezikwa naye yu hai, na khofu hiyo haikumtoka mpaka leo ambapo umri wake umepita miaka themanini. Ndugu yetu akauliza: Je, wasia huu wafaa kufuatwa, hali Mtume (S.A.W.) ameamrisha jeneza liharakishwe? Na je, khofu hii ya mama si dalili ya udhaifu wa imani?

Tulimjibu papo hapo kwa maneno machache, kisha tulipofika nyumbani tukaona jawabu letu halikututosheleza sisi wenyewe. Kwa hivyo twalirejea suala hili hapa, kwani twadhani si mama huyu peke yake aliye nalo.

Kwanza twasema kwamba khofu hii si kitu cha kuchekwa. Kuogopa mauti ni jambo moja, na kuogopa kuzikwa kabla ya mauti ni jambo jingine. Mauti ni amri ya Mwenyezi Mungu, na Muislamu amefundishwa kujitayarisha nayo. Ama kuzikwa hai ni kitendo cha watu. Anayeogopa jambo hilo hamwogopi Malakul-mauti. Atuogopa sisi, jamaa zake na majirani zake, kwamba tutafanya haraka bila ya kutazama. Na Qur'ani yenyewe, katika Sura ya Takwir, imemtaja mtoto wa kike aliyezikwa hai katika zama za Ujahili, na kwamba ataulizwa siku ya Kiyama ni kwa dhambi gani ameuawa. Watu wa Ujahili walifanya makusudi, na haisemwi kuwa anayekosea ni sawa na anayekusudia. Lakini yule aliye chini ya udongo, giza lake ni moja.

Tena khofu hii si ya wazee wa mitaa yetu peke yao. Waliosumbuliwa nayo kuliko watu wote ni watu wa Ulaya na Marekani, katika karne ya kumi na nane na ya kumi na tisa, wakati ambapo elimu zao zilikuwa zikipanda. Mwaka 1740, mjini Paris, tabibu Jacques-Bénigne Winslow, ambaye alikuwa mwalimu mkubwa wa elimu ya viungo vya mwili, aliandika kwamba alama zote za mauti zaweza kudanganya ila moja, nayo ni kuoza. Miaka miwili baadaye tabibu mwenziwe, Jean-Jacques Bruhier, akayatia maneno yale katika Kifaransa na kuongeza visa vingi vya watu waliosemekana kuamka wakati wa mazishi. Visa vile vingi vilikuwa ni vya kusikiwa tu, fulani kapokea kwa fulani, bila ya isnadi inayofaa kutegemewa. Lau angaliviweka mbele ya wanavyuoni wa Hadithi wasingalimwachia hata robo yake. Hata hivyo vilienea Ulaya nzima kama moto wa makuti.

Basi watu wakaanza kuusia. George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alipokuwa katika sakarati mwezi wa Desemba 1799, alimwambia karani wake asiachie mwili wake utiwe kaburini kabla ya kupita siku tatu. Chopin, mtunga muziki wa Kipoland aliyefia Paris mwaka 1849, aliomba mwili wake upasuliwe ili asizikwe hai. Ukapasuliwa, na moyo wake ukachukuliwa Warsaw. Alfred Nobel, tajiri wa baruti ambaye kwa mali yake hutolewa tuzo zinazojulikana, aliandika katika wasia wake wa mwaka 1895 kwamba akifa mishipa yake ikatwe, na matabibu washuhudie alama zilizo wazi za mauti, ndipo mwili wake uchomwe moto. Tazama jinsi khofu inavyomfanya mwenye akili: ili asizikwe hai, ataka akatwe mishipa. Kama alikuwa angali hai, dawa hiyo ingemwua.

Wajerumani walijenga nyumba maalumu za kungojea maiti. Ya kwanza yenye sifa ilijengwa Weimar katika miaka ya 1790 kwa shauri la tabibu Hufeland, kisha miji mingine ikafuata, na ya Munich ikawa mashuhuri. Maiti walilazwa humo kwa safu, wamezungukwa na maua ya kuondoa harufu, na kidole cha kila mmoja kimefungwa uzi unaokwenda kwenye kengele katika chumba cha mlinzi. Mlinzi alikaa usiku kucha akingojea kengele ilie. Na kengele zililia mara nyingi, kwani mwili unapoanza kuvimba viungo husogea. Tumetafuta khabari ya mtu hata mmoja aliyethibitika kuamka katika nyumba zile, na hatukuipata.

Wengine wakageukia masanduku ya kuzikia. Mwaka 1868 mtu mmoja wa Newark, Marekani, jina lake Franz Vester, alisajili sanduku lenye bomba la hewa, ngazi na kengele. Mwaka 1897 bwana mkubwa mmoja katika watumishi wa mfalme wa Urusi, Karnice-Karnicki, akatengeneza chombo chenye tufe linalowekwa kifuani; kifua kikitikisika tu, bomba lafunguka juu, hewa na mwangaza vyaingia, bendera yapanda na kengele yalia. Ila lake lilikuwa lile lile la Munich: chombo hakikujua kupambanua baina ya pumzi ya aliye hai na uvimbe wa aliyekufa. Na huko London, mwaka 1896, William Tebb na wenziwe walifanya jumuiya ya kuzuia watu kuzikwa kabla ya kufa, wakitaka sheria imlazimishe tabibu kumtazama maiti kwa macho yake kabla ya kuandika cheti. Katika yote waliyoyafanya watu wa zama zile, hili la Tebb ndilo tunaloliona lina maana, nalo halikuhitaji kengele wala bendera.

Sisi huku hatuziki kwa sanduku. Twazika kwa sanda, maiti amelazwa ubavu wa kulia katika mwanandani, viunza vyafunikwa juu yake, na udongo wamiminwa. Mwenye kuamka huko hana nafasi ya kuamka. Kwa hivyo kinga yetu yote, kama iko, yapasa iwe kabla ya jeneza kutoka mlangoni.

Hapa msomaji ataweza kusema: Haya ni ya Makafiri, na sharia yetu ni kuharakisha. Twamwambia: ngoja kwanza, kwani neno hili limewahi kusemwa na watu wengine wenye sharia ya kuharakisha. Mayahudi, kama sisi, huzika siku ile ile wakiweza. Mwaka 1772 mtawala wa Mecklenburg-Schwerin, huko Ujerumani, aliwakataza Mayahudi wa nchi yake kuzika kabla ya siku ya tatu, kwa kukhofia kuzikwa walio hai. Wakafadhaika, wakataka msaada kwa wakubwa wao. Moses Mendelssohn, mwanafalsafa wao wa Berlin, akawaambia kwamba wahenga wao wenyewe walikuwa wakiweka maiti katika mapango na kwenda kuwatazama kwa siku tatu, basi kungoja si bidaa ngeni kwao. Rabi mkubwa, Jacob Emden, akamkatalia, akasema desturi iliyopokewa haiachwi kwa maneno ya matabibu. Mgogoro huo uliendelea baina yao kwa miaka mingi. Twautaja kwa sababu unatuonyesha jambo: pande zote mbili zilitaka kumtukuza maiti, na ugomvi wao ulikuwa ni juu ya nani mwenye haki ya kusema kuwa huyu ni maiti.

Sasa na turejee kwenye vitabu vyetu, navyo ndivyo vilivyotushangaza zaidi, kwani tumevisoma tangu utoto na mahali hapa tumepapita mbio.

Amri ya kuharakisha jeneza ni sahihi, imo katika Bukhari na Muslim, na illa yake imetajwa: akiwa ni mwema mwamtanguliza kwenye kheri, na akiwa si hivyo ni shari mnaiteremsha shingoni mwenu. Wanavyuoni wamekhitilafiana kama muradi ni mwendo wa kulichukua jeneza au ni matayarisho yote. Lakini kwa vyovyote vile, amri ni ya jeneza. Na jeneza ni la maiti. Mtu hawi maiti kwa kuwa watu wamelia. Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu kisichokosekana katika darsa zetu za pwani, asema kwamba kuosha kuharakishwe pindi mauti yakiyakinika. Twalisoma neno la kuharakisha, na lile la yakini twalimeza.

Na Imam Shafi, Mwenyezi Mungu amrehemu, katika kitabu chake Al-Umm amelieleza kwa uwazi zaidi. Apenda maiti azikwe upesi mauti yake yakibainika; na ikiwa jambo lina mashaka, apenda kungoja mpaka libainike. Akamtaja aliyezama majini, na akamtaja aliyepigwa na radi au mfano wake, kwamba huyu angojwe hata kama ni siku mbili au tatu, mpaka ikhofiwe kugeuka kwake, kwa kuwa imemfikia khabari kwamba mtu huweza kupoteza fahamu kwa jambo hilo kisha akazindukana baada ya siku mbili. Imam Shafi amefariki mwaka 204 wa Hijra. Winslow wa Paris alikuwa hajazaliwa, wala babu wa babu yake.

Kisha aja Ibn Hajar al-Haytami, aliyefariki mwaka 974, katika Tuhfa yake, anaponukuu kutoka kwa matabibu kwamba wengi wanaoonekana wamekufa kwa sakta, yaani kile kiharusi cha ghafla kinachomwangusha mtu, huzikwa wakiwa hai, kwa sababu mauti ya kweli katika hali hiyo hayatambulikani ila na matabibu hodari. Kwa hivyo, asema, yalazimu kuakhirisha mpaka yakini ipatikane kwa kugeuka mwili na mfano wake. Hilo la "wengi" ni neno la matabibu wa zama zake, nasi hatulichukui kama hesabu. Bali twalichukua lile la pili: asema yalazimu. Hakusema kuwa ni vizuri tu.

Vitabu vyetu vimetaja pia alama: kulegea nyayo, kupinda pua, kuingia ndani mapaja ya uso pale kwenye vipanda, kulegea viganja na kunyoka kwa ngozi ya uso. Twasema kwa adabu kwamba alama hizi waliziandika kwa elimu iliyokuwako. Leo yajulikana kuwa mwili wa aliyezimia sana nao hulegea, na uso wa mgonjwa wa siku nyingi huingia ndani naye angali hai. Mafuqaha wenyewe walijua kuwa zina upungufu, ndiyo sababu wakasema: ukibaki na shaka, ngoja.

Tutaeleza sasa jambo lililotokea kwetu, na si la kujisifia.

Miaka michache iliyopita tuliitwa nyumba moja. Mwenye nyumba, mtu wa makamo, alikuwa ameanguka barazani baada ya Alasiri. Tulipofika tulimkuta amelazwa, kidevu kimefungwa kwa kitambaa, maji yako motoni na karafumaiti imeshanunuliwa. Wachimba kaburi walikuwa wametumwa. Tulitazama saa, tukasema kwamba tukifanya hima tutaweza kumsalia na kumzika kabla ya Magharibi. Hapo akatokea kijana, mpwa wake, afanyaye kazi ya uuguzi, akasema: "Shekhe, naomba nafasi nimtazame mjomba." Tulimjibu, na maneno haya twayaandika kwa haya, kwamba mjomba wake ameshatazamwa na watu walioosha maiti kabla yeye hajazaliwa. Yule kijana hakupandisha sauti. Akasema, "Ni nani aliyemtazama, Shekhe wangu?"

Tulimtazama mwosha. Mwosha akamtazama kaka wa yule bwana. Kaka akasema kuwa yeye alipofika alikuta wanawake wanalia.

Hakuna aliyemtazama. Watu kumi na tano tulikuwa ndani ya nyumba ile, na kila mmoja alikuwa ameyapokea mauti yale kutoka kwa mwenziwe. Sisi ambao twawafundisha vijana kuuliza isnadi ya kila Hadithi, tulikuwa tayari kumtia mtu mchangani kwa khabari isiyo na mpokezi wa kwanza.

Kijana akapiga magoti. Akamfungua kitambaa cha kidevu, akaweka vidole pembeni mwa shingo, akasikiliza kifua kwa chombo chake, macho yake yako kwenye saa, dakika tano kamili, na katika nyumba ile hapakusikika ila maji yanayochemka. Akafunua macho na kumulika kwa tochi. Akakaa kitako, akangoja, kisha akarudia yote tangu mwanzo. Alipomaliza alisema "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," akatoka nje kulia. Tulizika baada ya Isha.

Yule bwana alikuwa amekufa kweli. Na sisi tuliosema amekufa tulisema kweli. Lakini kweli yetu ilikuwa ya bahati, na usiku ule hatukulala, tukiyahesabu majeneza tuliyoyaharakisha katika miaka yetu, na kujiuliza katika hayo ni mangapi tuliyowahi kuuliza: ni nani aliyemtazama?

Watakaotupinga watasema: Ajali ya mtu haitangulii wala haikawii, aliyeandikiwa kufa siku ile amekufa, na asiyeandikiwa Mungu atamtoa. Hiyo ni hoja ya mvivu aliyevaa joho la tawakkul. Kwa hoja hiyo hiyo mtoto asingetolewa kisimani. Qadari ni ya Mwenyezi Mungu, na sisi tumekalifishwa kutenda tulilo na uwezo nalo.

Wengine, nao wana fikihi, watasema: shaka haiondoi yakini, na sisi tuna yakini kuwa amekufa. Twawaambia: kaida hiyo ni yetu, si yenu. Ni lipi lililokuwa la yakini asubuhi ya siku ile? Ni uhai wake. Uhai ndio asili, na mauti ndiyo jambo jipya linalodaiwa. Basi mwenye kudai alete bayyina. Mtazame mtu aliyepotea, aliyesafiri na jahazi na khabari zake zikakatika. Je, sharia yagawa mali yake kwa kuwa watu wamedhani amekufa? Haigawi. Mali yake yakaa mpaka yathibiti mauti yake au upite muda ambao hakimu atahukumu kuwa mfano wake hawezi kuwa hai. Mkewe naye, katika kauli mpya ya Imam Shafi, hangoji dhana bali yakini. Na kwa Imam Malik hupigiwa miaka minne. Basi yule asiyeonekana twamngojea kwa miaka kwa ajili ya shamba lake na minazi yake, na huyu aliye mbele yetu, mwili wake bado una joto, hatumngojei dakika tano kwa ajili ya roho yake?

Tena twaongeza jambo ambalo twaliona kubwa kuliko khofu ya kaburi yenyewe. Walioamka kaburini ni wachache mno, na visa vyao vingi ni uzushi. Ajali iliyo karibu nasi ni ile ya dakika za mwanzo. Mtu aliyetolewa majini, au aliyepigwa na umeme, au mwenye kisukari aliyeshukiwa na sukari yake, au aliyetoka katika kifafa, au aliyemeza vidonge vya usingizi kupita kiasi, huonekana kama maiti, na huenda ana nafasi ya kurudishwa lau apigwapo kifua na kupuliziwa pumzi na kukimbizwa hospitali. Sisi badala yake twamfunga kidevu. Twamnyoosha miguu, twamfunika uso na twaanza kulia. Na kidevu kilichofungwa na uso uliofunikwa ni mambo mawili ambayo mwenye pumzi ndogo hayahimili. Huyu hakuzikwa hai, ni kweli. Lakini amekatiwa tamaa akiwa hai, na hatujui hisabu yake itakuwaje.

Na asidhani mtu kwamba mambo haya ni ya zamani tu. Hapa Kenya, Januari 2014, huko Naivasha, kijana aliyekunywa sumu ya wadudu alipelekwa chumba cha maiti, na wahudumu wakaona anapumua. Mwaka 2020, katika kaunti ya Kericho, mtu mwingine alizindukana mikononi mwa wahudumu wa chumba cha maiti waliokuwa wameanza kazi yao juu ya mwili wake. Juni 2023, huko Ecuador, bibi wa miaka 76 alisikika akigonga ndani ya sanduku wakati jamaa wamekesha naye. Akarudishwa hospitali, akafariki baada ya siku chache. Matabibu nao wanakiri kuwa moyo uliosimama, baada ya wao kuacha kuufufua, mara chache hurejea kupiga wenyewe. Ndiyo sababu hupendekezwa mgonjwa atazamwe kwa dakika kadhaa kabla ya kutamka kuwa amekufa. Waganga wa Uingereza, katika mwongozo wao wa mwaka 2008, wameweka dakika zisizopungua tano za kutazama moyo, pumzi na mboni za macho. Hizo ndizo dakika tano za yule kijana wetu.

Kwa upande wa pili, yako mambo yanayowatisha watu bure. Mwosha amgeuzapo maiti husikia sauti kama ya kuguna; hiyo ni hewa iliyobaki kifuani. Mwili katika joto letu la pwani hukaa na vuguvugu kwa saa nyingi, basi joto peke yake si uhai. Vidole vyaweza kusogea kwa kukaza na kulegea kwa misuli. Na maiti waliofukuliwa Ulaya wakaonekana wamegeuka ndani ya masanduku, wengi wao waligeuzwa na uvimbe wa kuoza. Ama hadithi za mtaani za waliosikia mlio makaburini usiku, na za mtu aliyechukuliwa na wachawi akazikwa mgomba badala yake, hizo tumekwisha kuzisemea katika kurasa hizi na hatutazirudia.

Alama zinazotegemewa baada ya hapo ziko, na kila mwosha, mume na mke, afaa azijue. Damu huteremka upande wa chini wa mwili na kufanya mabaka ya zambarau, ambayo huanza kuonekana baada ya nusu saa au saa mbili. Viungo hukaza, kwanza kope na taya, baada ya saa mbili na zaidi, na katika joto hukaza mapema. Mwosha ndiye mtu wa mwisho katika dunia kumgusa binadamu huyu, mkono wake wapita kila mahali, na kwa hivyo kuosha kwetu, kama kungefanywa na mwenye kujua, ni kinga iliyo bora kuliko kengele zote za Munich. Lakini twawachagua waosha kwa uzee na kwa kuwa hawaogopi, na wala hatujawahi kuwafundisha jambo hili.

Kuna mlango mwingine wa suala hili ambao hatutauingia leo ila kwa kichwa: mgonjwa aliyekufa ubongo na moyo wake wapigishwa kwa mitambo. Majmaa ya Fikihi ya nchi za Kiislamu ilipokutana Amman mwaka 1986 ilikubali kuwa huyo ahukumiwe kufa. Na ile ya Makka mwaka 1987 ikaruhusu mitambo iondolewe lakini haikuhukumu mauti mpaka moyo na pumzi visimame. Wanavyuoni wakubwa wamekhitilafiana juu ya yakini ni nini, nasi tulikuwa hatuulizi hata ni nani aliyetazama.

Asije mtu akachukua maneno haya kuwa hoja ya zile siku tatu na nne ambazo maiti siku hizi huwekwa barafuni akingojewa mtoto arudi kutoka ng'ambo, au ili watu wajae. Huko si kuhakikisha. Mauti yamethibiti, na kilichobaki ni fakhari. Kungoja tunakokusema kuna mpaka: mpaka mauti yabainike. Yakibainika baada ya dakika kumi, baada ya dakika kumi haraka yawa sunna. Na kwa aliyekufa kwa maradhi marefu, na tabibu yuko kando ya kitanda, hakuna la kungoja.

Basi kwa yule mama. Wasia wake, ukiwa ni kuzuia mazishi kwa siku kadhaa baada ya kuthibiti mauti, haufuatwi, kwani haki ya jeneza si yake peke yake. Na ukiwa ni kutaka asizikwe mpaka ijulikane yakini, basi hakuusia ila yale aliyoyasema Imam Shafi, na mtoto wake angelazimika kuyafanya hata kama asingeusiwa. Wala hatuoni udhaifu wa imani ndani yake. Tulimwambia ndugu yetu aende akamketi miguuni, amwambie jina la mtu atakayemtazama, mtu amjuaye, na amwambie kwamba hatafungwa kidevu wala kufunikwa uso mpaka mtu huyo amalize. Alirudi wiki ya pili akasema mama yake alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama yule kijana ni mtoto wa nani.

Ni yule yule mpwa mwuguzi. Siku hizi huitwa na mitaa mitatu. Mara nyingine hufika bado amevaa nguo za kazi, na wazee walioketi mlangoni humpisha.